Moto Mpaka Ikola

Jiko la Pudensiana lilikuwa na ukubwa wa kitanda cha mtoto. Lilikuwa nyuma kabisa ya boti, kati ya injini na ukingo, mahali ambapo maji yakiruka yanampata mpishi kwanza. Palikuwa na kasha la mbao lililojazwa mchanga, juu ya mchanga jiko la mkaa, na juu ya jiko sufuria kubwa iliyokwisha kupoteza mshikio mmoja. Turubai kuukuu lilifungwa pande mbili kuzuia upepo. Meza haikuwepo, kabati halikuwepo. Unga ulikaa ndani ya ndoo yenye kifuniko, sukari ndani ya kopo, na mawese ndani ya chupa iliyozibwa kwa gunzi la mahindi. Ubao wa kusukumia aliuweka mapajani.

Humo alioka biskuti. Alimwaga mchanga mkavu ndani ya sufuria, akaupasha moto, akapanga juu yake vifuniko vya makopo vyenye biskuti mbichi, akafunika kwa kipande cha bati, kisha akaweka makaa juu ya bati. Moto chini, moto juu. Unga aliukanda kwa mawese kwa sababu siagi haikupatikana, akatia chumvi na magadi kidogo, akausukuma kwa chupa tupu ya soda, akaukata kwa glasi, akautoboa kwa kijiti cha kiberiti. Biskuti zilitoka nyekundu na ngumu. Lakini hazikuota ukungu kama mkate, na hata mtu aliyetapika tangu Kigoma aliweza kumumunya moja akapata nguvu.

Boti yenyewe iliitwa Twende Salama. Ilikuwa ya mbao, yenye injini ya dizeli inayokohoa, na ilitoka Kigoma kwenda Ikola ikiupita ufukwe wa milima ya Mahale, imebeba chumvi, sabuni, mabati, na watu. Kurudi ilibeba magunia ya dagaa. Nahodha alikuwa Nashon, mtu mfupi mwenye shingo nene, ambaye hakupenda maneno mengi. Alimwita Pudensiana shemeji, kwa sababu marehemu mume wake, Obadia, alikuwa baharia wake na rafiki yake.

Lazima nieleze Obadia alivyokufa, maana bila hilo mengine hayaeleweki.

Mabaharia wa upande ule wana sheria yao. Mtu akifia chomboni, mpishi anamwaga maji jikoni mara moja. Nahodha anageuza boti kuelekea ufukwe wa karibu, na marehemu anazikwa hapo hapo, kabla safari haijaendelea. Moto hauwaki penye maiti, na chakula kilichopikwa kwa moto uliowaka karibu na maiti hakiliwi. Wanasema ziwa linamkumbuka aliyekila. Ndiyo maana nahodha akigeuka nyuma, kitu cha kwanza anachotafuta ni moshi wa jiko. Moshi ukionekana, wote wazima.

Obadia alishikwa na homa kali njiani, akafa kabla ya kufika Ikola. Nashon aligeuza boti. Wakamfukia Obadia kwenye changarawe, chini ya milima, mahali pasipo na kijiji. Pudensiana aliposikia alitafuta mtumbwi wa kumpeleka, akafika akakuta masika yameteremsha mawe kutoka mlimani na kufunika ufukwe mzima. Alitembea pale mchana kutwa. Hakujua hata asimame wapi alie. Baadaye Nashon alimwita, akampa kazi ya upishi. Mabaharia walinung'unika kwamba mwanamke chomboni ni balaa. Nashon akawaambia asiyetaka ashuke.

Akapika kwa miaka mingi, na akawalea wanawe kwa jiko lile. Nyumbani Ikola hakuwa na shamba wala nyavu. Alikuwa na kasha la mchanga na sufuria.

Mwaka 1993, masika yakiwa yanaelekea kuisha, Kabula alipanda boti bandarini Kigoma. Alikuwa msichana bado, ukiuliza mimi, ingawa alikuwa amekwisha kuzaa mara tatu. Watu wake ni Wasukuma waliohama na ng'ombe kutoka kaskazini, wakapiga kambi Kahama, wakaja mpaka misitu ya Mpanda, na mwishowe wakajenga porini nyuma ya Ikola. Watoto wawili wa kwanza walimfia njiani. Mmoja alimwacha Kahama, mwingine katika kambi ambayo hata jina haikuwa nalo. Wa tatu, Masalu, alikuwa mgongoni, mtoto wa kiume aliyeanza kutembea kisha akaacha. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama karatasi. Hospitalini mjini walimwambia mama yake kwamba damu imekwisha mwilini, na ya kumwongezea haipo. Arudi nyumbani.

Arudi nyumbani. Maneno hayo mepesi sana mdomoni mwa anayeyasema. Lori la Mpanda halipiti masika, zahanati ya karibu ina mlango na kufuli, na boti inachukua siku mbili ikiwa injini inataka. Tuna redio inayotutangazia maendeleo kila jioni, na tuna mama anayevuka nusu ya ziwa kwenda kuambiwa arudi. Atakayesema hayo ni majaliwa ya Mungu na aseme, lakini asiseme mbele yangu.

Nashon alimzuia Kabula kwenye ubao wa kupandia.

"Huyo mgonjwa wako atafika?"

"Atafika, baba."

"Nakuuliza kwa sababu huku maiti hatubebi. Uelewe kabisa. Likitokea la kutokea, tunashusha."

"Nimeelewa," Kabula akasema. "Atafika."

Pudensiana akamsogezea gunia, akamkalisha nyuma ya turubai, karibu na jiko, mahali ambapo upepo haukumfikia mtoto. Njiani alimvunjia biskuti ndani ya maji ya moto, akamlisha kwa kijiko. Masalu alimeza vijiko viwili vitatu. Usiku wa kwanza ulipita, asubuhi ikafika, wakashusha mizigo Kalya, wakaondoka tena. Ilikuwa imebaki sehemu ya siku tu kufika Ikola.

Jua lilipopanda Pudensiana alilowesha biskuti tena, akapeleka kijiko mdomoni mwa mtoto. Uji ukabaki juu ya ulimi. Akaugusa mguu wake, ulikuwa wa baridi, akauachia. Akamtazama Kabula, na Kabula alikuwa anamtazama yeye, macho makavu.

"Amelala, mayu," Kabula akasema, akimwita mama kwa Kisukuma.

Pudensiana akaweka kijiko chini. Ndoo ya maji ilikuwa kando ya goti lake. Kuzima moto ndiyo kazi ya mpishi, na aliifahamu.

"Amelala tangu lini?"

"Kabla hatujafika pale waliposhusha chumvi." Kisha Kabula akasema kwa sauti ambayo injini nusura iimeze: "Wawili nimewaacha njiani. Huyu nimlaze nyumbani. Nakuomba, mayu."

Msifikiri Pudensiana alikuwa mjanja aliyedharau mambo ya mabaharia. Aliyaamini. Aliamini kwamba moto ule ukiendelea kuwaka utaamsha kitu ndani ya maji, na kwamba atakayekula atakuwa ameonja kifo cha mtu mwingine. Ndani ya boti walikuwemo watu zaidi ya thelathini, wengine watoto wa majirani zake. Akayatazama maji ya ndoo. Akaziona zile changarawe, ufukwe mzima, na yeye anatembea juu yake bila kujua mume wake yuko chini ya jiwe lipi.

Akachukua kipepeo, akapepea jiko.

"Mfunge mgongoni," akamwambia Kabula. "Mfunike kichwa. Usilie. Ukilia umemzika hapa hapa, umenisikia? Usilie mpaka uvuke miti ya pale juu Ikola."

"Sitalia."

Akaanza kukanda.

Kwa kawaida siku ya kufika alioka mfululizo, kwa sababu abiria walipenda kushuka na biskuti za moto kwa watu wa nyumbani. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa harufu ilipoanza. Aliyesogea kwanza alikuwa Stanslaus, Mfipa mwenye kofia ya pama, mchuuzi wa dagaa aliyesafiri kila mara na boti hiyo na aliyejiona mwenyeji wake. Akainua turubai.

"Mama, za leo zimelainika au tukaezekee nyumba?"

"Ukishindwa kutafuna nipe meno yako nikuhifadhie."

"Yapo mawili tu yanayofanya kazi. Nipe hiyo iliyoungua kidogo." Akaipuliza, akaitia mdomoni. Pudensiana akatazama shavu lake likienda juu na chini. Stanslaus akameza, akamwangalia Kabula. "We binti, mwanao mbona kimya hivyo? Tangu asubuhi sijamsikia."

"Amekunywa dawa," Pudensiana akasema.

"Dawa gani inamnyamazisha mtoto hivyo? Mpe basi anyonye. Mtoto mgonjwa anatakiwa anyonye, hata akikataa unamlazimisha. Mke wangu mimi alikuwa hivyo hivyo, anamwogopa mtoto."

Hakuondoka. Alisimama pale akitafuna, mkono mmoja juu ya turubai, akingoja ushauri wake ufuatwe. Mabaharia wawili waliokuwa kwenye injini wakageuka kutazama.

Kabula akafungua kitenge. Akamzungusha Masalu mbele, akamfunika uso kwa pindo, akaingiza titi ndani ya pindo lile, akakaa hivyo. Akaanza kumpigapiga mgongoni taratibu, kama mama yeyote. Midomo yake mwenyewe aliikaza.

"Unaona," Stanslaus akasema. "Alikuwa na njaa tu." Akachukua biskuti nyingine, akaenda mbele kuwaambia wenzake kwamba leo zinalika.

Pudensiana aliendelea kusukuma unga, chupa inakwenda na kurudi juu ya ubao. Alipoinua ubao akakuta amezisukuma biskuti nyembamba kama ngozi ya ngoma. Akazikunja, akaanza upya.

Jua lilipofika utosini upepo wa kusini ukaanza, na hapo ndipo hofu ilipomwingia kweli. Mawimbi mafupi yakaanza kuipiga Twende Salama ubavuni. Abiria wakashikana. Mama mmoja akaanza kuimba wimbo wa kanisani, wengine wakaitikia kwa sauti za kuvunjika. Maji yakaruka juu ya turubai, mengine yakaingia jikoni, makaa yakalia na kutoa mvuke, moshi ukakatika.

Mbele kabisa, Nashon akageuka.

Pudensiana akauona uso wake ukitafuta. Akaingiza mikono jikoni, akatoa makaa yaliyolowa kwa vidole, akakusanya mekundu yaliyobaki, akapuliza mpaka macho yakamtoka. Hayakutosha. Mkaa ndani ya gunia ulikuwa umelowa na mvua ya Kigoma tangu jana. Akachukua mwiko wake, akauvunja gotini, akautia. Akang'oa mbao mbili za pembeni mwa kasha, akazitia. Zikashika. Moshi ukapanda, mweusi, mwingi kuliko kawaida.

Nashon akamwachia msaidizi usukani, akaja nyuma akishika kamba.

"Shemeji, unachoma boti?"

"Mkaa umelowa."

"Basi acha kupika. Kwa mawimbi haya nani anakula?"

"Wanakula. Nenda kawaulize."

Nashon akatazama jiko, akatazama zile mbao, akatazama vidole vya Pudensiana vilivyokwisha kuota malengelenge. Kisha akamtazama Kabula, na kitenge, na kile kilichokuwa ndani yake. Boti ikainuka, ikashuka. Pudensiana alishika ndoo ya maji kwa miguu yake miwili ili isimwagike, au ili Nashon asiichukue.

"Mtoto anaendeleaje?" Nashon akauliza.

"Amelala," wanawake wote wawili wakasema.

Akasimama kidogo. Pudensiana hakuweza kujua anafikiri nini, na mpaka leo hajui. Abiria mmoja akaita huko mbele kwamba maji yanaingia. Nashon akageuka, akaenda.

Unga wa ngano ukaisha. Pudensiana akachanganya makombo yake na unga wa muhogo uliokuwa wa ugali wa mabaharia. Biskuti zile zilipasuka, na kwa kuwa moto wa mbao una ndimi na hautulii kama mkaa, ziliungua chini zikabaki mbichi juu. Watu walizila hivyo hivyo. Kula kuliwapa kitu cha kufanya mbali na kuogopa. Pudensiana aliwagawia kwa mkono wake, kifuniko kwa kifuniko, na kwa kila aliyepokea alisema moyoni, nisamehe. Mwenyewe alikula moja pia. Hakutaka wakionje kifo hicho peke yao.

Upepo ulilegea kabla ya saa kumi. Boti haikuzama. Hilo nalisema wazi, kwa ajili ya wale wanaosimulia habari hii mpaka leo kana kwamba ilizama.

Ikola ikaonekana: mchanga uliotandazwa dagaa unang'aa kama mabati, mitumbwi imelala kiubavu, watu wanakuja majini kupokea mizigo. Nyanda, mume wa Kabula, alikuwa amesimama na baiskeli. Kila boti ya Kigoma alikuja kuipokea. Pudensiana akamshika Kabula mkono, akamsindikiza mpaka ukingoni.

"Mpaka kwenye miti," akamwambia.

"Mpaka kwenye miti, mayu."

Kabula akashuka, maji yakamfika magotini, akatembea vizuri, amenyooka. Akafika mchangani. Nyanda akainua mkono, akatabasamu, akasema, "Karibu. Anaendeleaje mtu wangu?" Na Kabula, ambaye alikuwa ameikaza midomo yake tangu alfajiri, ambaye alimnyonyesha maiti mbele ya wanaume, hakuweza kuistahimili sauti ya mumewe. Akaanguka katikati ya dagaa. Akalia kilio ambacho kila mwanamke wa pale alikitambua bila kuuliza.

Ndani ya boti watu wakabaki na biskuti mikononi.

Stanslaus alikuwa wa kwanza kuelewa. Akatema. Akaingiza kidole kooni, akatapika ukingoni, akatema tena. Mwanamke mmoja akaanza kuwapangusa watoto wake midomo kwa nguvu mpaka wakalia. "Ametulisha," mtu akasema, na wengine wakalipokea neno hilo: ametulisha, ametulisha. Hakuna aliyempiga. Walishuka haraka wakimkwepa, wakizitupa biskuti majini, na samaki wadogo wakazikimbilia.

Nashon alikuja nyuma boti ilipokwisha kuwa tupu. Akaichukua ile ndoo, akamwaga maji jikoni. Jivu likawaruka wote wawili.

"Ungeniambia," akasema.

"Ungezima?"

Nashon akafuta jivu usoni. Alikuwa mtu mkweli. "Ningezima."

"Ndiyo maana sikukwambia."

"Yule Obadia alikuwa rafiki yangu. Unafikiri nilipenda?"

"Sijasema ulipenda. Nilikwenda kule, shemeji. Hakuna kitu. Mawe tu."

Nashon akakaa juu ya gunia, mahali alipokuwa amekaa Kabula. Akasema kwamba hakuna abiria atakayepanda tena akimwona jikoni, na Pudensiana akasema anajua. Akabeba sufuria yake na ubao. Kasha la mchanga aliliacha, lilikwisha kuwa nusu kasha.

Masalu alizikwa kesho yake, nyuma ya boma la baba yake, karibu na zizi. Pudensiana alikwenda, na wanakijiji waliokuwepo hawakukaa karibu naye. Alijaribu kuoka biskuti nyumbani. Aliziweka sokoni kwenye sinia, zikakaa mpaka nzi wakazichoka. Sasa anaanika dagaa wa watu wengine, anageuza kwa ufagio juani, vidole vyake vya mkono wa kulia havifungi vizuri. Wavu wa mtu ukikatika, mtoto akiugua, mtu akikawia ziwani, yupo wa kukumbusha ni nani aliyewasha moto. Wanawe wanasikia. Na dawa bado haipo, na hakuna anayekwenda kusimama mbele ya kufuli la zahanati na kusema, ninyi mmetulisha.

Lililo baya zaidi nimeliacha mwisho. Baada ya mavuno walikuja watu wenye bunduki na karatasi, wakawaambia wafugaji kwamba msitu ule ni wa hifadhi, waondoke na mifugo yao. Boma likachomwa. Nyanda na Kabula walikusanya ng'ombe wao, wakashika njia ya kusini, wengine wanasema kuelekea bonde la Rukwa. Kaburi likabaki, la tatu.

Kabula alipita kwa Pudensiana kumuaga, akashindwa kusema, akaacha kibuyu cha maziwa mlangoni.

Nyasi za kule zinakua haraka kupita kiasi. Kila mara akimaliza kuanika, Pudensiana anachukua jembe na kwenda mpaka kwenye majivu ya boma, anapalilia kile kilima kidogo na kurudisha mawe yaliyosukumwa na nyani. Siku moja mkata kuni alimkuta pale akamuuliza kama aliyelala hapo ni mjukuu wake.

"Hapana," akasema. "Tulipanda boti moja."

Akaendelea kung'oa nyasi.